Mlango wa ofisi ni wa watu wote: kuupamba kwa Krismasi bila kumkwaza mwenzako

Asubuhi moja ya mwezi wa Disemba, miaka michache iliyopita, nilifika kazini kwetu Wawi nikakuta mlango wa chumba chetu umevishwa. Juu umening'inizwa kamba ya makaratasi ya kung'ara, mekundu na ya kijani. Katikati kuna duara kubwa la majani ya plastiki lenye fundo la utepe. Chini, maputo manne. Mwenzetu mmoja, dada kutoka Bara aliyekuwa na miezi minne tu tangu ahamishiwe Pemba, alibaki jioni ya jana yake akaupamba peke yake. Sasa alikuwa amesimama pembeni, anatutazama nyuso.

Tukasema, "Umependeza." Tukaingia, tukafanya kazi.

Siku ya pili yake mlango ulikuwa mtupu. Mapambo yote yamekunjwa vizuri, yametiwa ndani ya mfuko, mfuko umewekwa juu ya meza yake. Hakuna aliyesema neno. Yeye hakuuliza, na sisi hatukuuliza. Krismasi ikapita. Aliporudi tarehe 27 alitusalimia kama kawaida, lakini chai ya saa nne akawa anainywa peke yake, na hali hiyo ikaendelea kwa miezi.

Nilipomsimulia binti yangu, wakati huo yuko darasa la tatu, aliniuliza swali moja: "Sasa mama, kwa nini hamkumuuliza aliyeyatoa?" Sikuwa na jibu. Watoto wana tabia ya kuuliza pale ambapo watu wazima tumeamua kunyamaza.

Wazazi wenzangu, wengi wetu tunafanya kazi pamoja na watu wa dini mbili au zaidi. Disemba ikifika, wapo wanaotaka kupamba, wapo wasiotaka, na wapo wasiojua waseme nini. Nitaeleza hapa namna ya kuupamba mlango wa ofisi kwa Krismasi, kwa vitu vinavyopatikana hapa hapa Pemba, na namna ya kuupamba bila kuvunja urafiki. Hilo la pili ndilo gumu zaidi, na ndilo nililojifunza kwa gharama.

MLANGO KWETU UNASEMA

Watu wa visiwani hatuhitaji kufundishwa kwamba mlango ni kitu cha kupambwa. Anayepita vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, anajua. Milango ile ya mbao nzito imechorwa maua, samaki, minyororo na mitende, na mingine ina aya za Kurani kwenye kizingiti cha juu. Mingine imepigwa misumari ya shaba nyeusi kwa chumvi ya bahari na umri. Mwenye nyumba alikuwa akiutengeneza mlango wake ili mpita njia ajue humu anakaa nani, ana mali kiasi gani na anaamini nini. Zamani wapo waliouweka mlango kwanza, ndipo kuta zikajengwa kuuzunguka.

Hata nyumba ya makuti isiyo na mlango wa kuchonga hupambwa wakati wa furaha. Harusini hufungwa makuti mabichi ya mnazi pande mbili za njia. Wakati wa Maulidi hutundikwa vitambaa na taa. Ikikaribia tarehe 12 Januari, ofisi nyingi huvaa bendera na vitambaa kwa ajili ya Sikukuu ya Mapinduzi.

Kwa hiyo kupamba mlango ni jambo letu la siku nyingi. Tofauti ni moja tu. Mlango wa nyumba una mwenyewe, naye akisema "huu ni mlango wangu" maneno yamekwisha. Mlango wa ofisi hauna mwenyewe mmoja. Unaingiwa na mwenye Krismasi na asiye nayo, na unaingiwa na mzee wa kijijini aliyekuja kutafuta huduma, hana habari na mapambo yetu. Tukisahau tofauti hiyo ndipo matatizo yanapoanza.

KRISMASI SI MGENI VISIWANI

Wapo wanaodhani Krismasi imeletwa Zanzibar na watalii. Si kweli. Jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Anglikana pale Mkunazini liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa, miezi michache tu baada ya soko hilo kufungwa. Inasimuliwa kwamba saa ya mnara wa kanisa hilo ilitolewa zawadi na Sultan Barghash, Mwislamu, ambaye ndiye mtawala aliyekuwapo wakati huo. Huku Pemba, wamisionari wa Jumuiya ya Marafiki kutoka Uingereza walifika eneo la Chake Chake mwaka 1897, mwaka ule ule hali ya utumwa ilipofutwa kisheria, wakafanya kazi na watu walioachwa huru. Wakristo wa Pemba ni wachache, lakini wapo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Leo wengi wanaosherehekea Krismasi maeneo ya Wawi na Chake Chake ni wafanyakazi kutoka Bara: walimu, wauguzi, askari, mafundi. Tarehe 25 na 26 Disemba ni siku za mapumziko kitaifa, lakini wengi hawawezi kwenda kwao. Meli na mabasi hujaa, nauli ni kubwa, na wengine wako zamu. Fikiria wewe umepangiwa kazi Mbeya, na Idi imekukuta huko, hakuna anayekupa hata mkono wa Idi. Ndivyo anavyokuwa mwenzako siku ile. Kipambo kidogo mlangoni hakimrudishi kwao, ila kinamwambia kwamba tunajua leo ni siku yake.

ULIZA KABLA HUJASHIKA GUNDI

Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa Disemba, nilimfuata yule dada wakati wa chai nikamwambia, "Mwaka jana hatukukufanyia vizuri. Mwaka huu ukitaka kupamba, tukae sote kwanza." Alinitazama muda mrefu. Akasema, "Sawa. Lakini sianzi mimi."

Tukakaa, watu saba, dakika ishirini. Mzee wetu wa mapokezi, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, aliomba kusema wa mwanzo. Akasema yale mapambo ya mwaka jana aliyatoa yeye. Tukakaa kimya. Akaendelea kwamba lile duara lilifunika namba ya chumba. Asubuhi ile wazee wawili walikuwa wameingia chumba cha jirani, wakasubiri saa nzima pasipo pao. Yeye akayatoa, akayakunja, akayaweka mezani kwa mwenyewe. "Nilidhani mtaniuliza," alisema. "Hamkuniuliza."

Kumbe kwa mwaka mzima sisi wengine tulikuwa tumekwisha kumpa hatia ya chuki ya dini, na dada yule alikuwa amekwisha kuamini kwamba hatumtaki. Ni kwa sababu ya namba ya chumba. Na yeye mzee naye, kwa kutosema, alikuwa na sehemu yake ya kosa, akaikubali. Akamwambia, "Mwanangu, nisamehe. Ningekungoja nikakwambia."

Kisha akaongeza jambo la pili, nalo ni muhimu. Akasema kwa imani yake yeye hatashiriki kupamba kwa ajili ya Krismasi. "Mimi sitafunga, lakini sitafungua." Na dada yule akaona hilo ni jibu la kutosha. Hakutaka kila mtu asherehekee naye. Alitaka kujua msimamo wa kila mtu, basi.

Tangu hapo tumekuwa na utaratibu wetu, nami nauandika hapa kwa yeyote atakayeona unamfaa.

Kwanza, omba ruhusa kwa mkuu wa kazi, kisha kwa wenzako wa chumba kimoja. Ruhusa ya mkuu peke yake haitoshi, maana yeye hakai kwenye chumba hicho.

Pili, mchagueni mlango mmoja wa ndani. Mlango mkubwa wa kuingilia wateja uachwe, na mlango wa chumba cha kusalia usiguswe kabisa.

Tatu, asiyetaka kushiriki asilazimishwe, asichangishwe fedha, na asitaniwe.

Nne, picha na sanamu za kidini zibaki nyumbani au kanisani. Mlango wa pamoja uwe na nyota, majani, rangi na salamu ya "Sikukuu njema". Mkristo hapungukiwi kitu, na asiye Mkristo anapita bila dhiki.

Tano, semeni mapema siku ya kuyavua.

VITU VYA KUPAMBIA VIKO UANI

Lile duara la majani tunaloliona kwenye picha za Ulaya na Marekani lina sababu yake. Huko Disemba ni baridi kali, miti mingi imepukutika. Watu huchukua matawi ya miti isiyopoteza majani, wakayafunga duara na kuyatundika mlangoni kuwa ishara ya uhai. Sasa sisi tunaoishi kisiwa ambacho Waarabu walikiita Kisiwa cha Kijani, tunakwenda dukani kununua majani ya plastiki! Hebu tuangalie tulichonacho.

1. Shada la ukili

Huku Pemba karibu kila nyumba ina mtu anayejua kusuka ukindu. Mwombe bibi au shangazi akusukie ukili mwembamba wa upana wa vidole viwili, urefu wa kutosha kuzunguka sahani kubwa ya pilau mara tatu. Tia rangi nyekundu na kijani kwa rangi ile ile ya mikeka. Kunja fito laini liwe duara, zungushia ukili, shona kwa uzi wa ukindu. Shada hili halinyauki, na mwaka ujao linatundikwa tena. Likiliwa na vumbi, pangusa kwa kitambaa kibichi.

2. Matawi ya mvinje

Mvinje una majani membamba kama nyuzi, na kwa mbali unafanana na ile miti ya Krismasi ya nchi za baridi. Matawi matatu au manne madogo yakifungwa pamoja kwa utepe, vichwa chini, yanatosha kupendezesha mlango. Yakate jioni ya tarehe 23, yalaze usiku ndani ya ndoo ya maji, yatundike asubuhi. Yakianza kukauka na kupukutika, yatoe. Mvinje mkavu unashika moto haraka, na unamwongezea kazi mwenye kufagia.

3. Kifuko cha makonyo

Hapa ndipo Wawi inapowashinda wengine wote. Kiwanda cha makonyo kiko hapa hapa, na harufu yake ni harufu ya nyumbani. Kwa wasomaji wa mbali: makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, navyo hukamuliwa mafuta. Kata kitambaa chepesi ukubwa wa leso ya mkononi, tia konzi moja ya makonyo makavu, funga kwa uzi, ning'iniza nyuma ya mlango. Kila mlango unapofunguliwa, harufu inatoka. Kikipoteza nguvu, kifinye kidogo kwa vidole.

Kuna jambo la kuwaambia watoto mnapokifunga kifuko hiki. Krismasi ya Ulaya, kwa zaidi ya miaka mia moja, imenukia karafuu: kwenye biskuti, kwenye nyama ya sikukuu, kwenye vinywaji vya moto. Na sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba. Mababu zetu waliopanda mikarafuu wakichuma, na mabibi zetu waliochambua usiku kwa mwanga wa koroboi, walikuwa wakiipikia Krismasi ya watu wasiowajua. Kwa hiyo tukitundika makonyo mlangoni hatuigi cha mtu.

4. Chungwa la karafuu

Hili nalo ni pambo la zamani la Ulaya linalotegemea zao letu. Chukua chungwa au danzi lenye ngozi ngumu. Toboa kwa kijiti cha meno, chomeka karafuu kavu moja moja kwa mistari, zikaribiane. Funga utepe, tundika. Kwa hewa yetu ya unyevu usilitegemee zaidi ya siku nne au tano, litaota ukungu. Karafuu ni zao la taifa lenye taratibu zake za biashara, basi tumia konzi ya jikoni tu, usimwombe mtu gunia. Na usiwape watoto wadogo sana kazi hii, karafuu ikiingia puani ni kilio.

5. Pazia la kanga

Doti moja ya kanga nyekundu au ya kijani, ikitundikwa pande mbili za mlango na kukusanywa kwa utepe, inaubadilisha mlango mzima kwa dakika tano, na haiharibiki. Ukimaliza unaivaa. Tahadhari moja: soma maneno yake kabla. Kuna mwenzetu alileta kanga nzuri sana, tukaitundika, na hadi saa tano wateja wanacheka. Kumbe maneno yake yalikuwa ya kumsuta jirani, na yameangalia mlango wa chumba cha pili! Ilibidi tuigeuze.

6. Mlango wa shukrani

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo ambalo hata mzee wetu wa mapokezi alishiriki, kwa kuwa si la dini. Wakateni watoto nyumbani majani ya karatasi, kwa mfano wa jani la mkarafuu. Kalenda kuukuu inafaa, upande mweupe. Kila mfanyakazi apewe jani lenye jina la mwenzake, kwa kura, aandike jambo moja la kumshukuru alilofanya mwaka huo. Si sifa za jumla, bali jambo lenyewe. Majani yabandikwe mlangoni yafanye umbo la mti.

Mwaka ule wa pili mimi niliandika jani la dada yule: "Ulinikaimia siku mtoto wangu alipolazwa, hukuniuliza nitarudi lini." Na jani lake yeye lilimwangukia mzee. Aliandika: "Ulisema ukweli ijapokuwa umechelewa." Tulicheka sote, mzee mwanzo.

YA USALAMA USIYAPUUZE

Namba ya chumba, jina la ofisi na matangazo ya huduma yasifunikwe. Hilo tumekwisha kulipia.

Mlango ufunguke wote na ufungike wote. Kama ni mlango wa kutokea wakati wa hatari, usitundike kitu kinachoning'inia chini ya kiuno.

Mishumaa isitumike kabisa. Taa za umeme za mapambo zizimwe mnapotoka, na waya usipitishwe chini ya mlango unaofungwa na kufunguliwa, kwani unachubuka. Waya uliochubuka utupwe, usifungwe selotepu.

Usipige misumari mlango wa ofisi, hiyo ni mali ya umma. Tumia uzi uliofungwa juu ya bawaba, au gundi ya karatasi inayobanduka. Jaribu kwanza pembeni uone kama haitoi rangi.

Wanaofanya kazi hospitalini au vituo vya afya wapambe mlango wa ofisi au chumba cha kunywea chai tu. Chumba cha kutibia, cha kuzalishia na cha kufunga vidonda viachwe. Kitambaa na majani hukusanya vumbi, na harufu kali inaweza kumsumbua mwenye pumu. Maskulini, kipambo kisiwe chini ya kimo cha mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni.

WATOTO WATAULIZA

Ukirudi nyumbani na mabaki ya karatasi, mtoto atauliza. Wangu aliuliza: "Mama, kwani sisi tuna Krismasi?"

Nilimjibu hivi: "Sisi hatuna. Rafiki yangu wa kazini anayo. Idi ilipokuja, nani alikuletea biskuti?" Akamkumbuka. Nikamwambia, "Basi na sisi tunajua siku yake." Kwa mtoto wa darasa la tatu jibu hilo lilitosha. Watoto wetu wanamjua Nabii Issa na mama yake Maryam kutoka madrasa, na ipo sura nzima yenye jina lake, kwa hiyo majina hayo hayawashangazi. Wanachohitaji kwetu ni kuona mipaka imewekwa kwa upole. Ziko familia ambazo hutoa salamu na sahani ya chakula zikaishia hapo. Ziko ambazo hata salamu haziitoi kwa msimamo wao wa dini, lakini zinafanya ujirani siku nyingine zote. Kila nyumba ifuate mwongozo wa wanazuoni wake. Muhimu mtoto asijifunze dharau.

Na mzazi Mkristo anayelea watoto huku naye ana kazi yake. Mwambie mtoto kwamba rafiki zake wa skuli hawatavaa nguo mpya siku ile, na hilo si ubaya kwake. Mfundishe kupeleka sahani kwa jirani kwa chakula ambacho jirani anaweza kukila. Andaa mambo makubwa nyumbani: mti, nyimbo, pango la Bethlehemu. Huko ni kwenu, pambeni mpaka dari. Mtoto aliyeshiba sikukuu nyumbani hatadai mlango wa ofisi au wa darasa umsherehekee.

KUVUA NI SEHEMU YA KUPAMBA

Wengi hupamba kwa shangwe wakasahau kuvua, mapambo yakakaa mpaka Machi yamejaa utando wa buibui. Kwa Wakristo wengi msimu wa Krismasi hukamilika tarehe 6 Januari. Siku hiyo inatufaa, kwani zinabaki siku sita tu kabla ya tarehe 12, na mlango unakuwa tayari kuvaa bendera za Mapinduzi. Kwetu sisi aliyepamba ndiye anayevua, kwa mkono wake.

Na tukumbuke kwamba kalenda zetu hukutana. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo sikukuu zake huzunguka miezi yote. Mwaka 2015 Maulidi na Krismasi zilikuja bega kwa bega, siku moja nyuma ya nyingine. Mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena siku za mwisho za Disemba, kwa kutegemea kuandama kwa mwezi. Mwaka huo, wakati majani ya mvinje bado hayajakauka mlangoni, wenzake watakuwa wanaingia kwenye funga. Ofisi itakayokuwa imezoea kukaa dakika ishirini na kuulizana haitapata tabu siku hiyo. Ile isiyozoea itaanza kutafuta nani kakosa.

Dada yule alihamishwa mwaka juzi, yuko kwao Bara sasa. Siku ya kuondoka tulimfungia shada la ukili ndani ya gazeti, lile lile lililokuwa mlangoni, pamoja na kifuko cha makonyo. Disemba iliyopita alinitumia picha kwenye simu. Mlango wa ofisi yake mpya, shada limetundikwa pembeni. Namba ya chumba inasomeka wazi.

Nilimwonyesha mzee wa mapokezi. Akaitazama, akavaa miwani, akaitazama tena. Akasema, "Amejifunza." Kisha akarudisha simu na kuongeza, "Na sisi pia."